Balbu Nne za Duka la Zahor

SEHEMU YA TANO

Jumapili iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa Zahor, balbu iliyoungua nimeifunga kwenye leso, na ndani Zahor anamfokea Mazin kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwake.

Aliyelikosa gazeti hilo nitamsimulia kwa kifupi. Jina langu ni Anselmo. Ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, nakaa Chamazi, nina miaka sitini na minne. Mke wangu Anjelina alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti. Aliniacha na nyumba ya vyumba vinne, na Probox nyeupe tuliyoinunua ili imfikishe kliniki. Baada ya maziko gari halikuwa tena na pa kwenda.

Taa moja ya mbele ikaungua. Trafiki akanisimamisha, akacheka, akaniambia gari langu ni chongo. Nikaenda Mbagala Rangi Tatu kutafuta balbu, nikaingia duka la vipuri la Zahor, mzee wa Kiarabu wa rika langu. Zahor akanipa kiti. Akanipa kahawa. Akaniuliza habari za nyumbani, kisha akafanya jambo ambalo watu hawafanyi siku hizi: akasubiri jibu.

Nilikaa saa mbili. Nilipoondoka alinikabidhi balbu akasema, "Mzee mwenzangu, shika hapa kwenye chuma. Kioo usikiguse. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo, balbu ikipata moto inakufa kabla ya siku zake."

Sasa vidole vyangu havikauki mafuta, maana vinyago tunavisugua kwa rangi ya viatu. Ile ya kwanza niliigusa kwa bahati mbaya. Haikumaliza wiki mbili. Nikarudi, nikapewa tena kiti.

Ya pili niliigusa makusudi. Ya tatu vilevile. Ya nne niliipakaa kama ninavyopakaa kinyago cha kuuza.

Hayo nilishayakiri hapa, na barua zenu za kunilaani nimezisoma. Sikieni yaliyofuata.

*

"Afadhali umekuja, mzee Anselmo," Zahor alisema aliponiona. "Ingia. Hebu mwonyeshe huyu ulichoshika."

Nikafungua leso. Kioo cha balbu kilikuwa kimefanya ukungu mweupe upande mmoja.

Juu ya kaunta kulikuwa na balbu zimemwagwa, boksi zima. Ng'ambo ya kaunta alisimama Mazin. Mazin ni mtoto wa marehemu kaka yake Zahor. Zahor kamlea tangu ana miaka sita, sasa ana ishirini na tisa, na yeye ndiye anayekwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa duka.

"Ya ngapi hii?" Zahor akaniuliza.

"Ya nne."

"Ndani ya miezi mingapi?"

"Miwili na siku kidogo."

Akamgeukia Mazin. "Umesikia?"

"Nimesikia, ami. Lakini wallahi mzigo ni ule ule. Tunachukua kwa mtu yule yule mwaka wa sita huu. Mbona wateja wengine hawarudi?"

"Kwa hiyo mzee wa watu ni mwongo?"

Mazin akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Afadhali angenitazama kwa hasira.

"Sijasema hivyo," alisema taratibu. "Nasema labda kuna kitu hatujakijua."

"Kitu chenyewe ni wewe! Umeniletea feki. Duka hili kalifungua baba yangu, hajawahi kumuuzia mtu kitu cha uongo. Leo mtu anakuja na balbu ya nne!"

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Maneno mawili tu: niliigusa mwenyewe.

Nikaiacha balbu juu ya kaunta, nikaikunja leso, nikairudisha mfukoni.

"Weka funguo hapo," Zahor akamwambia. "Na Ijumaa usinitegemee."

Mazin alibadilika rangi. Mie nilijua kwa nini, maana habari za Ijumaa nilikuwa nimezisikia mara nyingi nikiwa kwenye kile kiti. Kuna binti wa Tanga anaitwa Salsabil. Wamependana miaka mitatu. Baba yake binti alikubali wazee wa Mazin waende kuposa Ijumaa hiyo, baada ya swala ya magharibi. Na Mazin hana baba. Mzee wake duniani ni Zahor. Bila Zahor hakuna wa kwenda kutamka neno.

"Ami, Ijumaa ni jambo lingine. Usilichanganye na balbu."

"Mtu anayenidanganya kwenye balbu, nitamsemea nini kwa watu? Niwaambie kijana wangu mwaminifu?"

Funguo zikawekwa juu ya kaunta.

Mazin alipopita karibu yangu alisimama. "Shikamoo, mzee. Utusamehe kwa usumbufu wa taa."

"Marahaba," nikasema.

Nimeitikia shikamoo maelfu katika maisha yangu. Ile ndiyo pekee niliyoionea haya.

*

Mtu mwenye akili angeondoka. Mie nilikaa kwenye kiti changu.

Zahor alikusanya balbu zote kwenye boksi, akalisukuma chini kwa mguu. Kisha akapanda ngazi, akateremsha vijiboksi vitatu kutoka rafu ya juu, akavipanga mbele yangu.

"Leo tuchague vizuri," alisema. "Tusikosee tena."

Akafungua cha kwanza. "Hii ni ya kawaida kama ulizokuwa ukichukua. Mwanga wake wa manjano. Mvua ikinyesha, au vumbi la njia zenu za Chamazi, unaona. Kasoro yake ni hiyo ya vidole."

Akafungua cha pili. Kioo chake kilikuwa na rangi ya buluu. "Hii vijana wanaipenda, inatoa mwanga mweupe. Lakini ni ya watu wa kujionyesha. Inavuta moto mwingi, inakuyeyushia soketi. Sikushauri."

Cha tatu alikifungua polepole. Ndani hamkuwa na balbu ya kioo. Mlikuwa na kitu cha chuma, kina macho madogo ya njano pande mbili, na nyuma kifeni kama cha redio.

"Hii ni LED. Najua wanasema LED zinamwaga mwanga ovyo na kuwapofua wanaokuja mbele. Zipo za hivyo. Hii nimeijaribu mwenyewe kwenye Probox kama yako, mwanga wake umetulia. Haina uzi wa kukatika. Haina kioo. Ishike, ipapase, ipake mafuta ukitaka, haikujali."

Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzito na baridi.

"Chukua hii, Anselmo. Hutarudi tena hapa miaka mitano."

Hutarudi tena hapa.

Nikaitazama ile LED kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa kazi. Miaka mitano. Nikaiona ile mitano, asubuhi moja baada ya nyingine, mie na patasi yangu na kuku wa jirani.

"Nipe ya kawaida," nikasema.

"Ya kawaida? Baada ya nne kuungua?"

"Mie mtu wa zamani. Mwanga wa manjano nimeuzoea."

Zahor hakubisha. Alinitazama, kitambo kirefu kuliko mtu anavyomtazama mteja, kisha akaifunga ile ya kawaida kwenye karatasi, akanipa.

"Shika kwenye chuma," alisema.

*

Nyumbani nina tabia ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nawasha redio kwenye chumba cha watoto, nafunga mlango, narudi kukaa sebuleni. Sisikilizi kinachosemwa. Nataka tu kusikia kwamba upande ule wa nyumba kuna mtu anaongea.

Jioni ile hata redio haikunisaidia. Nikampigia binti yangu Marietha, aliyeolewa Mwanza.

"Baba, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba, mama. Nimekula. Marietha, nina jambo la..."

"Baba, ngoja, niko zamu, wodi imejaa. Nitakupigia, sawa? Kula matunda."

Simu ikakatika. Simlaumu. Wagonjwa ni wengi, na mie si mgonjwa.

Jumatano nilikwenda tena Rangi Tatu. Sikwenda dukani. Nilikaa kwa Mwajabu, mama anayeuza chapati na supu mkabala na duka la Zahor. Yeye ndiye gazeti la mtaa ule. Huna haja ya kumuuliza.

"Umeyasikia ya Mazin?" alianza hata supu hajaiweka mezani. "Anabeba matikiti sokoni Mabibo! Mazin yule wa kuvaa mashati ya pasi! Analala kwa rafiki yake huko huko."

"Na Tanga?"

"Tanga wameshasikia. Baba wa binti kasema maneno machache tu: kama ami yake mwenyewe hamuamini, mie nani nimuamini? Kasema Ijumaa asipomwona mzee Zahor mlangoni kwake, habari imekwisha. Kuna mwingine anangoja, mtu wa Pangani." Akanisogezea pilipili. "Na yote hayo kwa sababu ya balbu, mzee wangu. Balbu! Mie najiuliza, hivi huyo mteja aliyelalamika ana roho ya namna gani?"

Hakujua kwamba mteja ndiye anayeinywa supu yake.

Niliiacha nusu.

*

Alhamisi, baada ya alasiri, nikaingia dukani. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitakaa kwenye kiti kabla sijasema. Zahor alikuwa peke yake, anapanga mikanda ya feni kwenye misumari ya ukutani.

"Karibu, Anselmo. Kahawa iko tayari."

"Kahawa baadaye. Nina neno."

"Sema."

"Balbu hazikuwa feki."

Akaendelea kupanga mikanda.

"Nilizigusa kioo. Ya kwanza kwa bahati mbaya, hizo tatu kwa makusudi. Nilitaka ziungue ili nipate sababu ya kurudi hapa. Mazin hana kosa. Nimemwona anafukuzwa na nikanyamaza. Sasa nimesema. Nifukuze mie."

Zahor akaning'iniza mkanda wa mwisho. Akaja kwenye kaunta, akavuta droo, akatoa balbu zangu nne. Alikuwa amezitunza, kila moja kwenye boksi lake. Akaishika moja kwenye chuma, akaiinua kuelekea mwanga wa mlangoni.

"Njoo utazame."

Nikasogea. Kwenye ule ukungu mweupe kulikuwa na mistari myembamba iliyojikunja, kama ile ya mtu aliyetia dole kwenye karatasi.

"Kidole gumba cha kulia," Zahor alisema. "Kina kovu katikati. Patasi?"

"Patasi," nikajibu.

"Miaka thelathini na moja nauza balbu. Ile ya pili tu nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanipa kiti?"

"Mtu anaunguza balbu ili apate pa kukaa. Utamnyima kiti?"

Wasomaji wangu, nilitaka kulia. Miezi kumi na minne nilikuwa nadhani hakuna anayeniona, kumbe kulikuwa na mtu anasoma hata mistari ya vidole vyangu.

Kisha nikamkumbuka Mazin, machozi yakarudi yalikotoka.

"Subiri," nikasema. "Kama ulijua, Mazin ulimfukuza kwa nini?"

Zahor akafuta vumbi la kaunta kwa kiganja.

"Zahor. Kijana kakosa nini?"

Akazunguka kaunta, akasukuma bawa moja la mlango, duka likaingia kivuli. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa upande wa wateja.

"Kakosa kutaka kwenda Tanga," alisema.

"Kuposa?"

"Kuishi. Baba yake Salsabil ana duka kubwa na hana mtoto wa kiume. Anataka mkwe atakayekaa naye, amwachie duka. Mazin kakubali. Kaniambia siku ya Iddi, tumekaa tunakula, anacheka, kama mtu anayenipa zawadi." Zahor alikuwa anaizungusha ile balbu mkononi. "Wanangu wawili wako Maskati. Wananipigia sikukuu kwa sikukuu. Wajukuu wananiamkia kwa Kiarabu cha huko, na mie nusu yake sikielewi, naitikia tu. Mke wangu Mungu kamchukua. Mazin ndiye anayejua chai yangu naipendaje. Akiondoka, mie nitafungua duka hili kila asubuhi nimuuzie nani? Nimwambie nani kwamba leo mgongo umeniuma?"

Kila neno alilosema nilikuwa nimeshalisema, usiku, kwa ukuta.

"Nilikuwa natafuta njia," akaendelea. "Siioni. Ukaja na balbu ya nne. Nikasema Mungu kanipa sababu."

"Si Mungu. Ni mie."

"Basi ni wewe."

Nje Mwajabu alikuwa anamwita mteja aliyesahau chenji.

"Nyamaza, Anselmo," Zahor alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Sikuambii useme uongo. Nyamaza tu kama ulivyonyamaza siku ile. Kesho Ijumaa. Ijumaa ikipita, watu wa Tanga hawangoji mara ya pili. Mazin atanuna mwezi, miezi miwili, kisha atarudi dukani kwake. Na wewe uje. Kila siku. Balbu huhitaji. Tutakunywa kahawa mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka, Zahor."

"Basi mpaka tufe."

Nitawaambia jambo baya kuliko yote niliyowahi kuyaandika hapa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Naam, wakati kijana wa watu anabeba matikiti Mabibo, moyo wangu mie mtu mzima uliruka kama wa mtoto aliyeambiwa ataenda kwa shangazi. Nilikaa kwenye kiti. Nikanywa vikombe vitatu. Nikarudi Chamazi naendesha huku naimba wimbo wa kwaya, na nilipofika nikajikuta nachagua shati la kuvaa kesho.

Redio sikuiwasha.

*

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, mtu akabisha hodi.

Alikuwa Mazin. Shati lake lina madoa ya tope, macho mekundu, mkononi ana daftari dogo na kipimo cha umeme cha mafundi, kile chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Shikamoo, mzee. Samahani kukuvamia nyumbani."

"Marahaba. Karibu. Kaa, nikuletee chai."

"Sina muda wa kukaa, mzee. Siku tatu nimezunguka." Akafungua daftari. "Nimewatafuta wateja waliochukua balbu kutoka boksi lile lile. Nimewapata kumi na mmoja. Mmoja yuko Wazo kiwandani, nimemfuata mpaka huko. Zote zinawaka, mzee. Zote! Haijaungua hata moja. Ila zako."

Nikatazama vidole vyangu.

"Nikafikiri, sikupata usingizi. Asubuhi nikajua." Uso wake uling'aa. "Ni gari lako! Chaji ya gari inazidi. Umeme ukizidi, balbu lazima ife. Nikipima nikakuta umezidi, naenda kwa ami na ushahidi. Atasema, kumbe kosa si la mtoto wangu, ni la gari. Bado leo tunawahi Tanga. Naomba nipime, mzee. Dakika mbili tu."

Mungu anajua jinsi uongo ule ulivyokuwa mtamu. Sikuutunga mie. Uliletwa mlangoni kwangu, ukiwa na daftari na kipimo. Ningesema tu, ndiyo kijana wangu, hata mie nililihisi gari hili lina kasoro. Mazin angepona, Zahor angepata pa kurudia bila aibu, na mie ningebaki mzee wa watu.

Nikampa ufunguo wa gari.

Aliwasha injini, akafungua boneti, akainama na zile nyaya. Nilisimama kando yake. Nikajikuta namwomba Mungu alitie gari langu ubovu.

Mazin akasoma kipimo. Akazitoa nyaya, akazirudisha, akasoma tena. Akaongeza mafuta kwa mkono, injini ikanguruma, akasoma mara ya tatu.

"Kumi na nne nukta moja," alisema.

"Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema gari lako ni zima."

Akazima injini. Akabaki ameinama juu yake, mikono miwili kwenye ukingo wa boneti, mabega yameshuka. Hakulia. Alikuwa anahema tu kama mtu aliyeshusha gunia na kuambiwa alibebe tena.

"Basi sijui, mzee," alisema bila kuinuka. "Labda kweli nina mkosi."

Hapo sikuweza tena.

"Nilizigusa," nikasema.

"Nini?"

"Balbu. Niligusa kioo. Makusudi. Nilijua zitaungua."

Akainuka taratibu. Akanitazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni.

"Kwa nini?"

"Ili nirudi dukani."

"Kununua balbu?"

"Kukaa."

Nilitegemea anitukane. Nilimwomba Mungu anitukane. Mazin akashusha boneti kwa mikono miwili, polepole, akaibana mpaka ikalia. Akanipa kisogo. Alitembea mpaka penye ua, akasimama akiangalia nje, kwenye barabara. Aliporudi, macho yake yalikuwa na maji, lakini kulikuwa na kitu kingine pia, na kitu hicho kiliniumiza zaidi ya tusi. Kilikuwa tumaini.

"Mzee, nitakukasirikia siku nyingine. Leo sina nafasi. Twende kwa ami sasa hivi. Umwambie kama ulivyoniambia mie. Akijua mie sikudanganya, atavaa kanzu tuondoke. Yeye hajui tu. Angejua, asingenifanyia hivi."

Nilifungua mlango wa gari bila kumjibu.

"Si ndiyo, mzee? Hajui, sivyo?"

"Panda," nikasema. "Tutaongea njiani."

*

Hatukuongea njiani.

Yaani yeye aliongea. Aliniambia Salsabil anavyocheka, anavyojua kupika samaki wa kupaka, anavyomwamkia ami yake kwenye simu. Aliniambia ami amemfundisha kusoma, kuswali, kutofautisha kipuri cha kweli na cha bandia kwa kukinusa tu. "Ana hasira," alisema, "lakini hana hila. Ami hajui hila."

Mie nilishika usukani. Kuanzia Chamazi mpaka Rangi Tatu nilikuwa na neno moja mdomoni, na kila tulipopita tuta nilijiambia, tukivuka hili nitamwambia. Matuta yakaisha.

Duka lilikuwa limefungwa.

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya kazi, mabawa yote mawili yamefungwa na kufuli nje. Mazin akashuka kabla gari halijasimama sawasawa. Akagonga. Akaita. Mwajabu akavuka barabara akifuta mikono kwenye khanga.

"Mnamtafuta mzee Zahor? Hayupo. Kaondoka alfajiri, hata chapati ya kwanza haijaiva. Kapanda basi la Tanga."

"Tanga?" Mazin akasema.

"Tanga. Kavaa kanzu nyeupe na koti. Nikamuuliza, safari ya heri, mzee? Akaniangalia hivi, akasema, 'Tutajua nikifika.' Basi, akaenda."

Mazin akashika kichwa. Akanigeukia, na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, kama taa ya gari iliyopandishwa fulu.

"Kaenda kuniposea!" alisema. "Mzee, kanisamehe! Kanisamehe hata kabla ya kujua! Alhamdulillahi! Unaona? Nilikwambia, hana hila!"

Mwajabu akapiga kigelegele, wapita njia wakageuka.

Mie nilikuwa nimesimama ubavuni mwa gari. Nilikuwa mtu pekee pale Rangi Tatu aliyejua kwamba mzee aliyepanda lile basi angeweza kwenda kumwombea kijana wake mke. Na angeweza vilevile kwenda kukaa mbele ya baba wa binti, kwa kanzu yake nyeupe na heshima yake ya miaka thelathini na moja, na kuufunga mlango ule kwa mkono wake ili usifunguke tena. Jana nilikuwa naye mpaka jua linazama. Hakunitajia safari.

Simu yake nilijaribu. Imezimwa.

"Mzee Anselmo," Mazin alisema. Alikuja mbio, na kabla sijasema kitu akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, kwa mikono miwili, shati lake linanuka matikiti na jasho, kidevu chake begani kwangu. "Yameisha. Nimekusamehe na mie. Yameisha."

Tangu siku tuliyomzika Anjelina hakuna mtu aliyekuwa amenishika.

Nilipaswa kumsukuma. Nilipaswa kumwambia, panda gari tulifukuze basi, ami yako anajua, alijua tangu balbu ya pili. Nilikuwa na maneno yote, yamepangwa.

Nikafumba macho, nikamwacha aendelee kunishika.